Wanaokunywa Maji ya Bi Mize

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa mji, na mji una kisima.
Na kisima kina mwenyewe?
Kina wengi. Sogeeni basi, msikie.

Hapo zamani za kale, Jumbe wa mji mmoja alitoa amri: asiteke mtu maji mpaka wote watakaoyanywa waje kisimani, waonekane kwa macho. Akamweka Shaame awe msimamizi. Akampa kilemba, akampa kiti. Shaame akakipenda kile kiti, wanangu, akakikalia hata kivuli kilipomkimbia.

Asubuhi akaja Bi Mize na mtungi kichwani. Nyumba yake iko ubavuni mwa nyumba ya mama yake Shaame.

"Watakaoyanywa wako wapi?"

"Nyumbani, bwana. Wengine wamelala."

"Amri ni amri. Walete."

Bi Mize hakubisha. Akaenda, akarudi na watoto wake, mdogo yuko mgongoni.

"Ndio wote?"

"Wote? Hapana, bwana. Kuna mbuzi."

Watu wakacheka. Shaame akakaza uso. "Amri ni amri. Walete."

Wakaja mbuzi. Wakaja kuku ndani ya tenga. Ukaja na mche wa mrehani ndani ya kopo, maana nao hunywa. Wenzake Bi Mize kwenye foleni wakaona jambo lenyewe ni jema, wakaenda kufungua mazizi yao. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna ncha ya kilemba.

"Sasa wamekwisha?"

"Amebaki mmoja," akasema Bi Mize, na sauti yake ikashuka. "Huyo hawezi kutembea. Tumwache, bwana."

Angenyamaza hapo, wanangu, angesalimika. Lakini watu walikuwa wanamtazama.

"Amri ni amri. Mlete."

Bi Mize akaondoka na majirani. Wakarudi wamebeba kitanda cha kamba, polepole, na juu yake amelala Bi Riziki, mama yake Shaame.

Kicheko kikakatika.

"Mama anakunywa kwako?" akafoka Shaame.

"Tangu masika, miguu ilipomkataa."

Masika yalikwisha pita zamani. Kila siku Shaame alisimama dirishani kwa mama yake, akauliza hali, akajibiwa njema, akaenda zake. Hakuuliza hata mara moja nani anayemjazia mtungi.

Macho ya Bi Riziki hayakuwa yakiona vizuri, na sauti hiyo ya ukali hakuizoea. "Mize, nani huyo anayefoka?"

"Msimamizi wa kisima, bibi."

"Mwambie nimekuja. Anione, kisha tupewe maji."

Shaame hakuweza kusema, ni mimi. Akavua kilemba. Akashika kamba, akateka, akamnywesha mama yake kwa kata. Bi Riziki akaushika ule mkono, akaupapasa.

"Laini," akasema. "Haujateka maji siku nyingi."

Shaame akajaza mtungi wa Bi Mize. Akajaza mitungi ya foleni nzima, akanywesha na mbuzi, uso haujainuka.

Jioni Jumbe akamuuliza, "Umewaona wote?"

"Nimewaona, bwana. Na mimi wameniona."

Kiti akakiacha hapo hapo.

Hadithi yangu nimeitua. Ikiwa tamu, mgawiane. Ikiwa chungu, niachieni mimi nimalizie.