Panya Buku na Mlio wa Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia, na kula mmekula, nimewaona. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupalilia kama sisi, palikuwa na Panya Buku. Si huyu panya anayekimbia darini kwenu. Ni yule mkubwa wa porini, mwenye mifuko ndani ya mashavu. Akivuna karanga hujaza shavu la kulia, hujaza shavu la kushoto, akarudi nyumbani kama mtu anayeumwa meno pande zote mbili. Kikapu haazimi kwa mtu.

Buku alikuwa mjane. Alikuwa na watoto, na alikuwa na shimo lake bondeni. Shimo lilikuwa na chumba cha kulala, na chumba cha chakula, na chumba cha mbegu.

Sasa chumba cha mbegu kilikuwa na mila yake. Baada ya mavuno, mbegu huchaguliwa punje kwa punje, huingizwa ndani, na mlango huzibwa kwa udongo mbichi. Mwenye nyumba hubandika kiganja chake juu ya udongo, pa. Wifi yake naye hubandika cha kwake, pa. Udongo ukikauka, alama zinabaki. Mlango ule haufunguliwi mpaka mvua ya kwanza, hata watoto walie vipi. Na kwa nini wifi? Kwa sababu mbegu ni ya ukoo mzima, si ya tumbo moja.

Buku alikuwa na shida moja. Kila masika maji yaliingia shimoni. Chubwi, chubwi, watoto wanalala wima. Huko juu mlimani Nguchiro alikuwa na kichuguu kikavu, na alikuwa tayari kukiuza. Akasema, "Lete vikapu kumi vya karanga, uhamie." Buku kila mwaka alikuwa anabakiza vikapu vitatu, na kila mwaka hivyo vitatu vinaliwa. Utahamaje hivyo?

Siku moja akaja Chiriku, akatua juu ya tuta.

"Nauza milio," akasema.

"Mlio gani?" Buku akauliza.

"Huu hapa. Ti-ti-tii-chwi. Ukiununua ni wako peke yako, na chiriku wote wa nchi hii wanajua kwamba ni wako. Ukimuuzia mwenzio, wote wanasikia kwa pamoja, na wote wanakumbuka. Hakuna wa kukudhulumu."

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Ukipandwa unaota?"

"Hauoti."

"Basi nitaufanyia nini?"

"Utakaa nao. Wanyama ni wengi, milio ni michache, na haiongezwi. Leo ni konzi moja ya karanga. Kesho usije ukaniambia sikukwambia."

Niwaambie mapema: Chiriku hakusema uongo hata mmoja. Lakini Buku alicheka, akaendelea kupalilia.

Ngedere hakucheka. Ngedere alitoa konzi chache, akanunua milio kadhaa. Siku ya gulio akauza mmoja kwa kikapu kizima. Kikapu, kwa kitu alichonunua konzi! Akakaa mahali pa wazi ili aonekane, akamenya karanga zake, maganda yanaanguka pwa, pwa, pwa. Na chiriku juu ya miti wakaimba. Niitikieni:

Ti-ti-tii, umepanda!
*Umepanda!*
Aliyelala kalala!
*Umepanda!*

Buku siku ile hakupata usingizi. Asubuhi akaingia chumba cha chakula, akajaza mashavu, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka kikapu kikatimia. Akanunua mlio kwa Ngedere.

Ngedere alipata faida, hilo siwafichi. Lakini ilitoka wapi? Mlio haukuzaa. Mlio haukutaga. Faida ya Ngedere ilitoka kwenye mashavu ya Buku. Na Buku naye alikuwa anasubiri mashavu ya mwingine.

Na kweli, mlio ukapanda. Ukafika vikapu vitatu. Ukafika vikapu sita. Buku akawa anatembea huku anauimba mlio wake, ti-ti-tii-chwi, na wanyama wanampisha njiani. Ukafika vikapu kumi.

Wifi yake akaja mbio. Wifi naye alikuwa na mlio wake, aliununua mapema kwa konzi ya karanga zilizobaki chunguni, akawa anawaimbia watoto walale.

"Wifi, uza," akasema. "Vikapu kumi ndivyo anavyotaka Nguchiro. Uza leo, kesho mnalala pakavu."

"Uliofika kumi utafika ishirini," Buku akasema. "Nitanunua kichuguu na shamba la mlimani pamoja."

"Na mvua itakusubiri wewe?"

"Wewe hupendi tu niinuke."

Neno lile lilimchoma wifi. Alipokwisha kulimeza akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao, wifi yangu," akaenda zake.

Mlio wa Buku ulikuwa mmoja, na sasa alitaka wa pili. Chumba cha chakula kilikuwa kimebaki na maganda. Akasimama mbele ya mlango wa mbegu. Akaangalia kiganja chake. Akaangalia kiganja cha wifi. Akajiambia, "Nitazirudisha maradufu kabla ya mvua, nani atajua?" Akapiga udongo kwa ukwato wa mbuzi aliokuwa akilimia. Ku. Ku. Ku. Udongo ukaanguka mabonge mabonge.

Akampelekea Chiriku mbegu zote.

"Hizi hazitoshi mlio mzima," Chiriku akasema. "Lakini mlio hukatwa. Kwa hizi nakupa ti-ti ya mlio mwingine."

"Ti-ti tu?"

"Ti-ti tu. Tii-chwi ni ya mwenzio."

Buku akaichukua ti-ti yake, akarudi nyumbani. Msicheke. Mngekuwepo mngenunua.

Kiangazi kikaja. Chakula kikapungua kwa kila mtu. Ngiri alikuwa na milio mingi kuliko wote, na ana tumbo kubwa kuliko wote. Akaenda gulioni, akauza milio yake yote kwa siku moja ili apate cha kula. Chiriku wakatangaza kwa sauti ileile, hawakuongeza wala hawakupunguza:

Ti-ti-tii, umeshuka!
*Umeshuka!*

Wanyama wakasikia. Kila mwenye mlio akakimbilia gulioni, puku, puku, puku, vumbi tupu. Wauzaji tele, mnunuzi hakuna. Asubuhi mlio ulikuwa vikapu vitano. Jua la utosini, kikapu kimoja. Buku alipofika, mashavu matupu, ulikuwa konzi.

Akamwendea Ngedere. "Nipe hiyo konzi."

"Karanga ninazo," Ngedere akasema. "Milio siitaki tena."

Akamwendea Chiriku. "Nimeibiwa."

Chiriku akawageukia wenzake. "Ti-ti-tii-chwi ni ya nani?"

"Ya Buku," wakajibu wote kwa pamoja.

"Na ile ti-ti?"

"Ya Buku."

"Basi hujaibiwa. Viko vyote."

"Bei yake iko wapi?"

"Bei sikukuuzia mimi," Chiriku akasema. "Nilikuuzia mlio."

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia shimoni kama kila mwaka, watoto wakalala wima kama kila mwaka. Kulipokucha bonde zima lilikuwa linapanda. Huyu anafukua, yule anadondosha mbegu, mwingine anafukia. Buku alisimama kwenye matuta yake, ameyalima vizuri, hana hata punje moja ya kuyatia.

Akaenda kwa wifi. Angeenda wapi?

Wifi alikuwa mlangoni na kikapu chake cha mbegu, anatoka kwenda shambani. Akamtazama Buku.

"Mbona hupandi?"

"Sina mbegu."

"Tuliziba pamoja. Nani kafungua?"

"Mimi."

"Ulinunulia nini?"

Buku akaona haya kusema. Akasema. "Ti-ti."

Wifi hakucheka, na hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na ungo. Akaanza kugawa mbegu zake, konzi kwenye ungo, konzi kwenye kikapu.

"Hizi zilikuwa za shamba moja," akasema. "Nikigawa, tutavuna nusu huku na nusu huko. Mwaka huu wanangu watakula mara moja kwa siku, na wako vilevile. Lakini watoto wa kaka yangu siwezi kuwaacha wafe njaa."

Buku alikuwa hajalia. Karanga zilipokwisha hakulia, gulio lilipomgeuka hakulia, wala maji yalipoingia. Alipoona kikapu cha wifi kinapungua, konzi kwa konzi, na watoto wa wifi wamesimama pembeni wanakitazama, ndipo akakaa chini akalia.

Mwaka ule nyumba mbili zilikula mlo mmoja kwa siku. Kichuguu cha mlimani Nguchiro alimuuzia mtu mwingine.

Basi mafunzo yake ndiyo haya. Kitu kisicholiwa wala kisichoota, bei yake ni hamu ya mwenzako, na hamu ya mwenzako huwezi kuifungia chumbani. Ukitaka kukinunua, nunua kwa konzi iliyobaki chunguni, kama wifi. Ikipotea utawaimbia watoto mlio wako. Mbegu usiiguse. Siku ukiichezea mbegu, wanaolala njaa si wewe peke yako.

Hadithi yangu imekomea hapo, shambani kwa wifi. Tamu yake chukueni nyinyi, chungu yake niachieni mimi msimuliaji.