Nani Ampe Mtoto Jina?

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi yenye simu mikononi, huko milima ya Usambara aliishi Mwanaidi, mke wa Shebughe. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ilipoingia ya pili, kliniki wakampima wakamwambia, "Mama, una kisukari cha mimba. Ukikitunza, utazaa salama."

Mwanaidi akarudi nyumbani amenyong'onyea. Hapo watu wawili wakamshika, huyu kulia, huyu kushoto.

Wa kulia ni wifi yake Zaina, aliyefanya kazi Tanga mjini. Alimletea kidude cha duara, kidogo kama kifungo cha koti, kikabandikwa nyuma ya mkono. Kidude kile kilisoma sukari ya mwili na kuipeleka kwenye simu. Ikipanda, simu inalia. Ikishuka, simu inalia. Zaina akakiunganisha na simu yake pia. "Hata nikiwa Tanga, wifi, nitakuona."

Na kweli alimwona. Mwanaidi akijiibia ndizi mbivu jikoni, haupiti muda, Tanga wanapiga: "Wifi, unatafuna nini?" Mwanaidi anacheka mpaka machozi.

Wa kushoto ni mama mkwe, Bi Mwanamvua. Yeye aliifagia sukari yote nyumbani. Maandazi marufuku, na chai akainywa chungu yeye mwenyewe, uso ameukunja. Alipika dona kidogo na mboga nyingi, na kila jioni akamshika mkwewe mkono wakatembea hadi mtoni, magoti yakimuuma. "Tembea, mwanangu. Mjukuu huyu nataka kumbeba, sitaki kubaki kusimulia habari zake tu."

Mimba ikakua. Daktari akaongeza sindano za insulini, dawa ya kushusha sukari, Mwanaidi akajifunza kujidunga.

Adhuhuri moja Shebughe yuko shambani kwenye kabichi, Bi Mwanamvua kaenda msibani. Mwanaidi akajidunga, usingizi ukampitia kabla hajala. Simu ikalia. Aliisikia kwa mbali, kama ya jirani. Alipofumbua macho mikono inatetemeka, jasho linamtiririka. Akajikokota hadi jikoni kutafuta sukari. Hakuna hata punje. Miguu ikamkatalia, akakaa sakafuni, kiganja juu ya tumbo. Mtoto akapiga teke. "Subiri," akamwambia, "tusubiri wote."

Kule Tanga Zaina akaona. Akampigia kaka yake, hapatikani. Akampigia mama yake, hapokei. Akabaki Mzee Mdoe, jirani mfuga nyuki. Sasa huyo Mdoe na Shebughe walikuwa hawasemezani kwa ugomvi wa mpaka, na Shebughe alishamkataza kukanyaga uani kwake.

"Shikamoo, mzee. Najua tuna maneno baina yetu. Lakini wifi yangu yuko peke yake, na sukari imemshuka."

Mdoe hakuitikia hata shikamoo. Alibeba kopo la asali, akauvuka mbio mpaka ule ule wa ugomvi, akaingia bila hodi. Mwanaidi bado aliweza kumeza. "Lamba, binti yangu. Polepole." Akalamba, akalamba tena, dunia ikarudi mahali pake. Mzee akamsogezea chakula, akakaa naye mpaka wenyewe waliporudi.

Mwezi uliofuata akazaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kutikisa bati. Shebughe kwa furaha akatamka mbele ya wote, Mzee Mdoe naye akiwemo: "Aliyemfikisha mtoto huyu duniani ndiye atakayempa jina." Alidhani amesema neno jepesi.

Zaina akasema, "Ni mimi. Bila jicho langu, nani angejua?"

Bi Mwanamvua akasema, "Jicho lako liliona siku moja. Mimi nimemlisha na kumtembeza miezi yote."

Mzee Mdoe akasema, "Wewe uliifagia sukari mpaka ikakosekana ya kumwokoa. Asali ni yangu, na mbio ni zangu."

"Na mbio hizo nani alikutuma?" Zaina akauliza.

Wakamgeukia Mwanaidi. Naye alikuwa ananyonyesha, tumbo lake bado lina alama za sindano. Akawatazama mmoja mmoja, akaona anawapenda wote. Akasema taratibu, "Na mimi niliyejidunga, je, simo?"

Wote wakacheka. Jina halijapatikana, na mtoto analia.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, amueni: nani ampe mtoto jina?