Siku Kompyuta ya Nayef Iliponyamaza

Wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuongeza kwamba anaweza kumtuma mtu mwingine ainame kwa niaba yake. Mvungu haujali cheo wala elimu. Mwenye shingo ngumu atakizunguka kitanda kutwa nzima, atapiga mahesabu, atapiga miluzi, na anachokitaka kitabaki pale pale vumbini mpaka magoti yake yaguse sakafu. Nayef Shatnawi wa Irbid aliijua methali ya namna hii kwa lugha tatu, kwa kuwa alikuwa mfasiri na methali zilikuwa sehemu ya kazi yake. Lakini aliyoyajua kwa kichwa alikuja kuyajua kwa moyo Jumanne moja ya msimu wa kuvuna zeituni.

Nayef alipofuka akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwaka wa pili wa chuo. Maradhi yalianza jicho la kulia, yakahamia la kushoto, na kabla ya mitihani giza likawa limetua. Katika darasa lake alikuwamo msichana aitwaye Itidal, mwenye sauti nzito kidogo na subira nyingi. Alijitolea kumsomea vitabu vya masomo kwa wiki mbili, hadi apatikane mtu mwingine. Mtu mwingine hakupatikana, na wiki mbili zikawa miaka miwili. Walipofika mwisho wa vitabu walikuwa wamekwisha kupendana, wakaoana. Kwa miaka kumi na minne baada ya hapo, kila ukurasa aliofasiri Nayef ulipitia kwanza kinywani mwa mkewe. Itidal alikuwa akirudi kutoka shuleni, alikofundisha jiografia, anavua viatu, anakaa kando ya meza na kusoma hadi sauti inakwaruza.

Ndipo ilipokuja kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Nayef alifurahi kama mfungwa aliyefunguliwa lango. Siku hiyo hiyo alimwambia mkewe, "Umechoka vya kutosha, Itidal. Kuanzia leo pumzisha koo lako."

"Haya," alisema Itidal. Nayef aliisikia ile "haya" na kudhani ni shukrani.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Ile sauti ya mashine, ya mwanamume mwenye Kiarabu safi, Nayef aliiongeza kasi mwaka hadi mwaka mpaka ikawa haieleweki kwa mtu mwingine yeyote. Itidal alisema ni kama bisi zinazopasuka sufuriani. Kwa Nayef ilikuwa fimbo, dirisha na riziki. Akajenga juu yake fahari ya mtu asiyemsumbua mtu: alikwenda mwenyewe kununua mkate, alipiga pasi shati zake mwenyewe, na mtoto wao Laith, aliyeolea Kuwait, alipouliza kwa simu kama baba anahitaji chochote, jibu lilikuwa lile lile, kwamba hana haja.

Mwaka wa kumi na mmoja, kampuni ya kuchapisha vitabu aliyoifanyia kazi huko Amman ikatuma barua. Tangu mwezi ujao wafasiri wote wangefanya kazi ndani ya programu mpya, na programu hiyo haikubali mifumo ya zamani. Mfumo wa kompyuta ya Nayef ulikuwa wa zamani hasa. Kila asubuhi kwa mwaka mzima mashine ilimuuliza kama angependa kuuboresha, na kila asubuhi alijibu akumbushwe baadaye. Hakuwa mvivu. Aliogopa. Waliotengeneza ile sauti walikuwa wamefunga shughuli zao zamani, na hakuna aliyejua kama ingeishi katika mfumo mpya. Akiboresha, huenda akapofuka mara ya pili. Asipoboresha, kazi ingekwenda kwa wengine.

Akampigia Wasfi, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na mzunguko wa barabara.

"Ustadh, mfumo utaingia bila shida," alisema Wasfi. "Mashine yako bado ina nguvu."

"Na sauti?"

"Sauti sijui. Inaweza kupona, inaweza kufa. Nikudanganye?"

"Usinidanganye."

"Basi weka kazi zako zote kwenye flashi kwanza. Halafu kaa na mtu mwenye macho, maana katikati pale mashine itakuwa bubu, na kuna maswali itakuuliza kwenye kioo. Mwambie Mama Laith akae nawe."

"Mama Laith ana kazi zake."

"Mimi je? Nije kesho kutwa?"

"Nitaona, Wasfi."

Hilo "nitaona" Nayef alilitumia sana, na fundi alikwisha kuzoea kwamba maana yake ni hapana.

Jumanne ile Itidal aliomba ruhusa shuleni, akaenda Ajloun kwa dada yake kusaidia kuchuma zeituni. Mlangoni aligeuka. "Maqluba ya jana iko kwenye friji, sahani ya chini. Pasha moto wali huo, usiule wa baridi kama mwizi."

"Nenda bwana, utachelewa basi."

Mlango ulipofungwa, Nayef alitoa flashi mfukoni. Alinakili sura tisa za kitabu cha ufugaji nyuki alichokuwa akikifasiri, akanakili tena mara ya pili kwa kutoamini. Sura ya kumi, ya mwisho, ilikuwa inatakiwa Amman Jumapili. Akapiga moyo konde, na mashine ilipouliza swali lake la kila asubuhi, akajibu ndiyo.

Sauti ikaanza kumhesabia asilimia. Kumi. Ishirini na tano. Ilipofika arobaini ikakatika katikati ya neno, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nayef akangoja. Feni ya mashine ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Gari la kuuza mitungi ya gesi likapita barabarani na muziki wake, maana yake ilikuwa saa tano. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Feni ikatulia kabisa. Akaweka kiganja juu ya kasha la mashine, akakuta joto la kawaida. Akabonyeza kitufe kimoja, kikatoa mlio mfupi. Akabonyeza kingine, kimya. Akajaribu vitufe vya kuiamsha sauti, kwanza kwa utaratibu, kisha kwa hasira. Hakujua kama mashine inafanya kazi, imelala au imekufa. Kioo kilikuwa shubiri moja kutoka kwenye uso wake, na kwake kingeweza kuwa upande wa pili wa dunia.

Saa nane simu ikalia. "Umekula?" aliuliza Itidal.

"Nimekula."

"Kazi inaendaje?"

"Vizuri."

Uongo mara mbili kwa pumzi mbili, kwa mtu aliyejisifu kwa ukweli wake. Mara tatu aliishika simu ampigie Wasfi, na mara tatu mkono ukarudi mezani. Alasiri ikaingia, mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kugonga kioo cha dirisha, naye bado ameketi kama mtu anayelinda maiti.

Jioni ufunguo ukazunguka mlangoni. Harufu ya majani ya zeituni na koti lililolowa iliingia kabla ya Itidal. Akasimama.

"Mbona kimya?"

"Nimeiboresha," alisema Nayef. "Nimeiua."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Baba Laith. Nilipiga simu saa nane."

"Najua."

"Ukaniambia umekula."

"Najua."

Alisubiri alaumiwe. Badala yake alisikia koti likitundikwa, hatua zikielekea jikoni, friji ikifunguliwa na sufuria ikiwekwa jikoni. Itidal hakusogelea meza. Hapo Nayef akatambua jambo ambalo hakuwahi kulitambua: kwa miaka kumi na mmoja mkewe hakuwa amekaribia meza ile isipokuwa kufuta vumbi. Asingeikaribia hata sasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia apumzike, na mwenye kumwita alikuwa yeye peke yake.

Akageuza uso kuelekea jikoni.

"Itidal."

"Naam."

"Njoo unisomee."

Kijiko kilichokuwa kikikoroga kikasimama. "Umesemaje?"

"Nimesema njoo unisomee. Siwezi peke yangu."

Moto ulizimwa. Kiti cha jikoni kiliburutwa sakafuni mpaka kikagusana na chake. Nayef alisikia kasha la miwani likifunguliwa, kisha bega la mkewe likatua kando ya bega lake, lingali na baridi ya mvua.

"Ni Kiingereza," alisema Itidal. "Na changu kimeota kutu."

"Nisomee herufi moja moja."

Akaanza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nayef aliziunganisha herufi kichwani, neno kwa neno, mpaka sentensi ikakamilika.

"Inasemaje?" aliuliza Itidal.

"Inauliza naishi nchi gani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Kutwa nzima ilikuwa inangoja hilo?"

"Tangu saa nne."

Itidal alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko chake kilianza chini chini, kikapanda, kikamvuta na Nayef, mpaka wote wawili wakawa wameegemeana wakifuta machozi. "Iambie Jordani," alisema Itidal, "maskini ya Mungu, imetusubiri sana."

Maswali yalikuwa manane, na waliyajibu yote, yeye akitoa herufi na mumewe akitoa maana. Lakini mwisho wa safari habari haikuwa njema. Ile sauti ya zamani ilikuwa imekufa kweli. Mfumo mpya ulikuja na yake, ya mwanamke, iliyosoma Kiarabu kwa mkazo wa kigeni kama mtangazaji asiyejali anachotangaza. Nayef aliisikiliza sentensi tatu, akainamisha kichwa.

Wasfi, kwa simu, alimpa tumaini lenye ncha mbili. "Una siku kumi, Ustadh. Ukitaka, mfumo wa zamani unarudi na sauti yako. Zikipita kumi, ndiyo basi."

"Irudishwe sasa hivi," alisema Nayef baada ya kukata simu.

"Na kazi ya Amman?" aliuliza Itidal.

"Iende."

"Na wewe uende wapi?"

Itidal akavua miwani, akasema kwa sauti ya mtu anayeweka chini mzigo wa siku nyingi, "Siku ile uliponiambia nipumzishe koo, niliingia jikoni nikalia. Nilidhani umeichoka sauti yangu."

Nayef alimgeukia. "Mimi nilidhani umechoka kuwa macho yangu."

"Niliwahi kusema?"

"Hukusema. Na mimi sikuuliza."

Alitafuta mkono wa mkewe juu ya meza, akaupata, una michubuko ya matawi ya zeituni. Wali ukapoa jikoni kwa mara ya pili.

Wakaamua kuzitumia zile siku kumi kabla ya kukata shauri. Sura ya kumi ya nyuki Itidal aliisoma kutoka kwenye kitabu chenyewe, kwanza herufi moja moja, kisha maneno mazima, kadiri kutu ilivyobanduka. Nayef aliandika, na ile sauti ngeni ikamrudishia alichoandika, neno moja kwa wakati mmoja. Yeye aliyezoea kasi ya umeme sasa alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara moja alifuta aya nzima bila kujua, Itidal akamwambia. Siku ya tatu waligombana.

"Malkia wako huyu wa nyuki ana mambo mengi," alisema Itidal. "Soma mwenyewe."

"Ningekuwa naweza ningekusumbua?"

"Hunisumbui. Malkia ndiye ananisumbua."

Jumapili sura ilifika Amman ndani ya programu mpya. Siku ya saba Nayef aliongeza kasi ya sauti kidogo. Siku ya tisa akaiongeza tena, na kwa mara ya kwanza alisahau kuichukia.

Siku ya kumi asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Itidal alisimama nyuma ya kiti chake akiwa amekwisha vaa viatu. "Imeandika kwamba leo ni siku ya mwisho ya kurudi," alisema. "Ukinena nibonyeze, nitabonyeza. Sauti yako itarudi, na utakuwa kama zamani."

Nayef alilipima neno hilo. Kama zamani: kasi yake, fahari yake, na meza isiyokaribiwa na mtu.

"Acha siku zipite," alisema.

"Una hakika? Baadaye usije ukanililia."

"Sina hakika hata kidogo. Acha zipite." Akasogeza kiti chake upande ili cha pili kipate nafasi ya kudumu. "Imekuja kazi mpya kutoka Amman, kitabu cha mito. Mashine inaweza kunisomea nikiwa na subira. Lakini majina ya mito inayaharibu vibaya sana, Mwalimu wa jiografia. Ukirudi, nakuomba unisomee wewe."

Hakuna kilichovunjika shingoni mwake aliposema nakuomba. Alisikia mkewe akivuta pumzi, kisha kiganja chake kikakaa utosini mwa Nayef kwa kitambo, na kengele ya shule ikamngoja.

Kazi ya Nayef ilisalimika, na pamoja nayo akapata kile alichokuwa amekikosa miaka kumi na mmoja bila kujua. Vyote viwili vilikuwa karibu naye siku zote, umbali wa neno moja, lakini havikufikiwa na mtu aliyesimama wima. Ndiyo maana husemwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame.