Mwanzilishi wa Chama cha Wauza Wanyama

Chama cha wauza wanyama wa kufuga pale Tanga kilipotimiza miaka ishirini, Shemdoe, tajiri mwenye duka la kasuku, alimwendea katibu, Bi Zuhena.

"Kwenye historia ya chama, andika mimi ndiye mwanzilishi. Jina lako lifute, la sivyo uhame kwenye kibanda changu."

Mwanzilishi alikuwa Bi Zuhena mwenyewe. Akachukua kalamu.

"Sawa, bwana mkubwa. Ila wanachama wetu wabishi. Wataniuliza kama na maneno ya siku ile ya kuanzisha chama uliyasema wewe."

"Yote niliyasema mimi!"

"Basi wasomee mwenyewe, utie na sahihi."

Mkutanoni Shemdoe alisoma, akatia sahihi, akapigiwa makofi. Bi Zuhena akafungua daftari la mkutano wa kwanza.

"Siku ile mwanzilishi aliahidi kwamba mnyama yeyote atakayerudishwa na mnunuzi atatunzwa nyumbani kwake yeye mwanzilishi mpaka afe. Nimekushikia zamu miaka yote hii. Mbwa ni thelathini na mmoja, wameshashushwa getini kwako."

Shemdoe akauliza taratibu, "Wamezeeka?"

"Wengi wamezeeka," Bi Zuhena akamtuliza. "Ila yupo na kobe mmoja, huyo bado kijana."