Mgeni Aliyepita Tunduni

Haya, sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kwanza kutafuna, maana hadithi hii ina mlafi wake na anatosha.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka maji ya pwani yakawa kama uji. Mwani ulikauka, vyakula vikaadimika, na samaki wakubwa, kole-kole wenye njaa, wakapanda kutoka kilindini kuja kuwinda karibu na miamba. Kila mwenye mwili mdogo akawa anahangaika kutafuta pa kujificha.

Juu ya mwamba mmoja palikuwa na kidimbwi kisichozidi sinia la pilau. Bahari ilikifikia wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa kupita kawaida. Bamvua ikiisha, maji yalishuka chini ya kizingiti na kidimbwi kikabaki peke yake mpaka bamvua nyingine. Aliye ndani hatoki, aliye nje haingii. Kwa hiyo wakazi wake walichaguliwa kwa makini, au tuseme walipaswa kuchaguliwa kwa makini.

Mkubwa wa kidimbwi alikuwa Kaa. Ukimtoa magando hakuzidi kifungo cha koti, lakini kiburi chake kingejaza ghuba nzima. Penye kizingiti palikuwa na tundu, na desturi ya Kaa ilikuwa hii: mgeni akipita tunduni bila kukwaruza mbavu, huyo ni mpangaji halali. Aliisifu sana desturi hiyo kwa sababu aliitunga yeye.

Chini ya tumbawe humo ndani aliishi Bi Kamba, mwerevu na mwoga kwa kipimo kimoja. Safari hii alikuwa na haki ya kuogopa. Alibeba mayai chini ya tumbo, na yangeanguliwa kabla bahari haijarudi tena. Mgeni mmoja mbaya angetosha kuyamaliza yote, na mama mtu juu yake.

Siku ya mwisho ya bamvua wageni wakapanga foleni. Wa kwanza alikuwa Puju, samaki kijana mwenye maringo, mwembamba, anang'aa. Akapita tunduni bila taabu.

"Mwanangu," Bi Kamba akamuuliza, "asubuhi huwa unaogelea mpaka wapi?"

"Mpaka gatini na kurudi, kabla sijatia kitu kinywani."

"Basi humu utageuka kabla hujaanza. Siku mbili tu, utakuwa unagonga kuta na kumpiga kila unayekutana naye."

Puju akatazama huku, akatazama kule, akacheka. "Kweli, Bibi. Hiki si kidimbwi, ni kikombe!" Akatoka, akaenda zake.

Kaa alifura. "Ebo! Unanifukuzia wageni? Amepita tunduni, wewe unamuuliza habari za gatini!"

Wakafuata vijisamaki wawili, mume na mke, wa aina ambayo hata wakizeeka hawazidi kidole gumba. Walitaka ufa wa kulala na makombo ya kuokota. Bi Kamba akafurahi, akawaonyesha ufa wao, na kwa hesabu yake nafasi ikawa imekwisha. Lakini Kaa hakupenda kuona tundu lake likikaa bure.

"Mwingine!" akaita.

Nyuma ya wale wawili alikuwapo kijisamaki wa tatu, ndugu yao, na nyuma yake mtoto wa Chewa. Sasa yule wa tatu haonekani, na aliyesogea ni Chewa.

"Aliyekuwa mbele yako yuko wapi?" Bi Kamba akauliza.

"Ameghairi," Chewa akajibu, midomo akiwa ameibana. Kisha akamgeukia Kaa. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Sifa zako tunazisikia mpaka huko mkondoni. Mimi ni yatima, mwili wangu ndio huu unaouona, na chakula changu ni mwani, nikibahatika."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Kaa akalegea. "Pita."

Chewa akapita kama uzi kwenye sindano. Bi Kamba akamvuta Kaa pembeni, akanong'ona, "Bwana, mbona mkia umetokeza mdomoni mwake?"

"Huo ni ulimi."

"Ulimi wenye magamba?"

"Watoto wa ukoo bora ndivyo walivyo. Nyamaza, utaniaibisha."

Huku nyuma maji yalikuwa yanashuka. Chewa akazunguka kidimbwi mara moja, akauchungulia ule ufa, mume na mke wakajikunja humo kwa hofu. Kisha akaja mpaka penye tumbawe.

"Shangazi," akasema kwa upole, "umebeba nini hapo tumboni?"

Bi Kamba akayafunika mayai kwa miguu yake yote, na anayo mingi. Kumpiga hawezi, kukimbia hana pa kwenda, na kizingiti kimeanza kuonyesha mgongo. Akajikaza, akapaza sauti kama anayezungumza na Kaa.

"Bwana Kaa, afadhali mgeni wetu hali nyama! Maana hapo nje, chini kidogo ya kizingiti, kuna dagaa wamenasa penye ufa. Hawapandi, hawashuki, na walivyonona mpaka unawaonea huruma."

Chewa akayasahau mayai. "Maskini! Wamenasa wote?"

"Kundi zima."

"Loo! Ngoja nikawape pole."

Akachomoka tunduni mbio. Akautafuta ufa wa kwanza, wa pili, akaingiza kichwa kila mahali, na dagaa hata mmoja hakumwona. Alipogeuka, kizingiti kilikuwa kikavu, na tundu liko juu ya maji. Akaruka, akagonga mwamba, akarudi chini.

"Umeshawapa pole?" Bi Kamba akauliza kutoka juu.

"Bwana Mkubwa!" Chewa akalia. "Huyu mwanamke ni mwongo! Mimi ni mpangaji halali, nilipita tunduni!"

Kaa akainama kumtetea. Wakati huohuo Chewa akaachama kwa hasira, midomo ikasahau kujibana, na yule kijisamaki wa tatu akaruka nje mzima mzima, akatokomea majabalini. Kaa akakitazama kile kinywa. Kilikuwa kipana kuliko tundu lenyewe. Akajipima kwa macho, magando na yote, akaona anaenea humo na nafasi inabaki.

Akarudi kinyumenyume. Chini, kivuli cha kole-kole kikapita, na Chewa akakimbilia bahari kuu akilia njaa ileile aliyokuja nayo.

Mayai yakaanguliwa kwa salama, na Bi Kamba akalala usingizi alioukosa kwa muda mrefu. Naye Kaa akajifunza, japo hakukiri, kwamba katika nyumba ndogo mwili wa mgeni ni jambo la mwisho kuuliza. Bamvua iliyofuata alikaa kizingitini, mgongo umeliziba tundu, na mgeni wa kwanza akamwamkia kwa adabu.

"Unakula nini?" Kaa akamuuliza.

"Kidogo tu, Bwana Mkubwa."

"Sikukuuliza kiasi."