Hodi ya Mchangani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Ila leo nikipiga hodi, mtu asiitike. Mmesikia? Na ninyi wakubwa pia.

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa wakibishiana hodi kama sisi, palikuwa na kidimbwi katikati ya mwamba. Maji makubwa ya bamvua yakija, kidimbwi kinaungana na bahari. Maji yakitoka, kinafungika. Aliye ndani, yuko ndani.

Ndani kulikuwa na mchanga mweupe, ndiko walikoishi wenyewe. Nje, penye mlango mwembamba, palikuwa na baraza. Maji ya barazani yalikuwa yamepooza, chumvi haba, maana chemchemi ilipenya chini ya jiwe. Na sharti lilikuwa moja. Mgeni akija, akae barazani mpaka bamvua jingine. Hata awe mtoto wa shangazi yako.

Mlinzi wa mlango alikuwa Tasi, mjane mwenye binti mmoja tu, Kitasi, mboni ya jicho lake. Wote walimwita Mama Kitasi.

Siku moja bamvua likamleta Kitatange. Mzuri huyo! Mistari ya buluu, mistari ya manjano, mapezi kama kanga mpya. Akajikuna jiweni, kwaru! kwaru!

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Pumzika hapo hapo barazani."

"Barazani? Mimi?" Kwaru! kwaru! "Kwetu kaa ndiye hulala nje. Kumbe ninyi hamjasikia, mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Mama Kitasi akaona haya. Jirani yake Kangaja, ambaye Kitasi alimwita mjomba, akadakia, "Tutasemwa pwani nzima! Mfungulie mwenzio."

"Na kule kujikuna?"

"Vumbi la safari!"

Vumbi, baharini! Ninyi mngeamini? Mama Kitasi aliamini. Akafungua.

Sasa, shimoni alikaa Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Jina mkunga, lakini hajazalisha mtu. Kazi yake kutoa kichwa na kukirudisha. Akakitoa.

"Mama Kitasi, umeingiza wangapi?"

"Mmoja tu."

"Mmoja!" Mkunga akacheka, akarudi shimoni.

Haukupita muda, Kitasi akaanza. Kwaru! kwaru! "Mama, nawashwa." Mama akamtazama. Chembe nyeupe ubavuni, kama chumvi. Kesho yake zimefika mashavuni. Mtoto hali, hachezi, anahema juu juu. Kangaja naye ana chembe. Kitatange naye, mapezi yamesinyaa.

Kisha asubuhi moja chembe zikatoweka. Zote! Ngozi safi. Vigelegele! Kangaja akazunguka akicheza, "Mgeni kaja, mwenyeji kapona! Mgeni kaja, mwenyeji kapona!"

Lakini Mama Kitasi alisikia kitu. Chini. Mchangani. Sssss. Sssss. Akainama.

"Tumeshuka, hatujaondoka. Tumeshuka, tunazaa."

Akajiambia ni maji tu, maji yanapita. Hakumwambia mtu.

Adhuhuri moja, jua liko utosini, mchanga ukafuka kama moshi. Ndani ya moshi ule mlikuwa na sauti, ndogo ndogo, mia, elfu, sauti zisizo na midomo.

"Hodi... hodi... hodi..."

Na mtoto aliyelelewa vizuri akisikia hodi hufanyaje? Kitasi alikuwa na usingizi machoni. Akaitika, "Karibuni."

Wakamwingia.

Hodi!

Nani huyo kaitika? Si nilisema!

Siku hiyo Kitatange akaelea tumbo juu. Kitasi akawa mweupe kichwa hadi mkia. Mama akakimbilia shimoni. "Mkunga, mwanangu ananifia!"

"Hao hawali mawe, hawali mchanga," akasema Mkunga. "Wanawala ninyi. Nyumba isipokuwa na mtu, watakufa njaa. Tokeni wote, mkakae barazani. Maji yaliyopooza hawayawezi. Lakini akibaki hata mmoja ndani, mmewatunza."

Wakatoka, Mkunga naye. Kangaja akagoma. "Nihame kwangu nikalale nje kama kaa? Madoa si yalitoka? Yatatoka tena." Mama Kitasi akamsihi, akamvuta pezi. Wapi!

Barazani Kitasi alilala ubavu. Chembe zikadondoka, moja moja, na zilizodondoka hazikurudi. Akaanza kula kidogo. Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Mama Kitasi! Nimepona! Sina hata chembe! Rudini!"

"Mama, mjomba anaita."

Nyumbani ni nyumbani. Mama Kitasi akasogea mlangoni, na chini ya sauti ya Kangaja akasikia, sssss.

"Toka, kaka! Toka sasa hivi!"

"Nitoke ya nini, nami nimepona?"

Mama Kitasi akajibana mlangoni asirudi mtu ndani, mwili wake ukawa komeo. Siku zikapita. Kangaja akaita tena.

"Hodi, Mama Kitasi."

Ilikuwa sauti ya Kangaja, lakini ilikuwa nyingi.

"Hodi. Hodi. Hodi."

Kitasi akafungua kinywa. Mama akakiziba kwa pezi. Akataka kuitika yeye mwenyewe, maana yule alikuwa jirani yake, na alimpenda. Hakuitika. Sauti ikapungua, siku hata siku, ikabaki moja, nyembamba. Kisha hata hiyo haikuwako.

Bamvua likaja, likaenda, likaja jingine. Mkunga akatangulia ndani, akasikiliza mchanga. Kimya. Wakarudi. Kangaja walikuta miiba yake tu. Mama Kitasi akaifukia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Baadaye akaja mgeni mwingine. "Hodi!" Kitasi akamwangalia mamaye.

"Mama, na huyu tusimwitike?"

"Mwitike, mwanangu. Mpelekee na mwani ale. Ila ale barazani."

Basi wenzangu, mgeni mpende, mlishe, lakini usione haya kumweka barazani kwanza. Na doa likitoweka, usiseme umepona. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Anayetaka zaidi akamuulize Mkunga.