Vijiti Viwili vya Jina Moja

Wahenga walinena kuwa ndege wafananao huruka pamoja. Ila kufanana rangi si kufanana mabawa, na hilo mhariri mmoja wa video za harusi alilijua maji yalipomfika shingoni.

Kompyuta yake ilikuwa ikijikokota, akaenda kuiongezea memori ili ishike mengi kwa pamoja. Muuza vifaa alimwekea mezani pakiti yenye vijiti viwili vya memori. "Chukua hii, dada. Hivi ni pacha, vimejaribiwa pamoja kiwandani."

"Nyumbani ninacho kimoja cha jina hilihili. Nipe kimoja tu."

"Pacha hatengwi na mwenzake."

"Mimi nina pacha, tumetengana tangu aolewe. Sote wazima." Muuzaji akacheka, akampa alichotaka.

Nyumbani alikichomeka kando ya kile cha zamani. Kazi ilipopamba moto, kioo kiliganda, mashine ikazimika. Akaiwasha, ikazimika tena. Video aliyokuwa akiihariri ilikuwa ya binti ambaye baba yake alikosa harusi kwa kulazwa hospitalini. Kesho yake mzee angepasuliwa, naye aliomba kwanza amwone mwanawe akiolewa. Mhariri aliogopa, tena sana.

Lakini hakuwa mtu wa kushika tama. Alifungua mashine, akachomoa kijiti kimoja. Ikafanya kazi, ingawa kwa kusuasua. Akakibadilisha na cha pili, ikawa vilevile. Akavirudisha vyote viwili, ikazimika.

"Kumbe kila kimoja kizuri kivyake," alijisemea, "ila havipikiki chungu kimoja."

Alirudi dukani jua likiwa bado juu. "Nipe wale pacha."

"Si nilikwambia..."

"Uliniambia. Utanicheka kesho, leo nina mgonjwa."

Alivichomeka, akainamia kazi, na mashine haikutetereka hata mara moja. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

Asubuhi, wodini, mzee alimtazama binti yake kwenye video akivishwa pete. Akaomba irudishwe nyuma, akatazama tena, machozi yakimlenga. "Sasa nipelekeni," aliwaambia wauguzi.

Mhariri alitoka wodini, akampigia simu pacha wake.

"Kuna nini?" dada mtu aliuliza kwa wasiwasi.

"Hakuna kitu. Njoo Jumapili. Nimechoka kuwa kijiti kimoja."

Dada hakuelewa neno, ila Jumapili alikuja, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Ama kweli, ndege wafananao huruka pamoja.